Rudia Ulichosema

Saa moja na nusu asubuhi nilikaa kwenye dawati la msichana niliyetaka afukuzwe shule, na jambo la kwanza nililogundua ni kwamba magoti yangu hayaingii. Nina miaka hamsini na miwili. Ishirini na saba kati ya hiyo nimefundisha jiografia, nikiyatazama madawati yale kutoka mbele, na ukiwa mbele unaona yanamtosha mtu yeyote. Nikakaa kiubavu, miguu njiani, mkoba mapajani, na wanafunzi arobaini na watano wakageuka kunitazama kama wamemwona mbuzi kapanda ngazi.

"Geukeni mbele!" nilisema.

Wakageuka. Ndipo nikakumbuka kwamba siku hiyo sikuwa na mamlaka ya kumwambia mtu ageuke popote.

Mtu asidhani nilikwenda pale kwa hiari yangu. Alinipeleka mkuu wa shule, mzee mpole ambaye upole wake unaudhi kuliko ukali wa wengine. Nilipompelekea ripoti yangu aliisoma mara mbili, akavua miwani, akaniambia kamati ya nidhamu itakaa Jumatano saa tisa alasiri, ila ana ombi moja dogo.

"Dawati la huyu binti liko wazi wiki nzima, tangu tumrudishe nyumbani," alisema. "Kalikalie siku moja, mwalimu wangu. Kengele ya kwanza mpaka ya mwisho."

"Nikalie dawati la mtoto, mkuu?"

"Usifundishe, usikague. Uwe mwanafunzi tu. Unataka tumwondoe mtu kwenye kiti. Basi kakione kwanza hicho kiti chenyewe."

"Na nikikataa?"

"Kamati haitakaa," alisema, akavaa miwani yake na kuchukua barua nyingine.

Kwa hiyo nilikuja na hasira zangu zote, nimezipiga pasi pamoja na gauni. Nilijiapia kwamba nitasimama wakisimama, nitakaa wakikaa, na saa tisa nitaingia kwenye kamati na ripoti yangu ileile, hata nukta sitaigusa.

Kosa lenyewe lilikuwa hivi. Nina namna yangu ya kufundisha, ambayo walimu wengi tunayo: nalikata neno katikati, darasa linalimalizia. Jua huchomoza masha...? "...riki!" Dunia hulizunguka ju...? "...a!" Hivyo darasa linachangamka na mwalimu anajua wako macho. Jumatano iliyopita nilikuwa nafundisha kusoma ramani, ile mistari inayounganisha sehemu zenye kimo sawa. Nikachora mistari iliyobanana, nikagonga ubao kwa chaki mara mbili, nikauliza, "Ikikaribiana namna hii, hapo pana mwi...?"

"...nuko!" darasa likaitikia.

"...zi!" ikasema sauti moja kutoka nyuma.

Mwizi. Darasa likaangua kicheko. Chaki ikakatika mkononi mwangu. "Nani huyo? Simama! Rudia ulichosema!"

Akasimama binti wa fundi cherehani, mikono imenyooka ubavuni. Akanitazama machoni, akasema kwa sauti ya kusikika, "Mwizi."

Kicheko cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza. Nilipomuuliza nani mwizi, hakunijibu tena.

Wapo watakaosema nilikuza mambo. Hao hawajui habari za sanduku. Mwaka jana sanduku la vitabu vipya vya jiografia lilipotea stoo, na ufunguo wa stoo nilikuwa nao mimi. Wiki tatu nzima kila nikiingia chumba cha walimu mazungumzo yanakatika. Halafu sanduku likapatikana nyuma ya madawati mabovu, mtunza stoo alikolisukuma mwenyewe akasahau. Hakuna aliyesema samahani. Walianza tu kuniuliza habari za nyumbani, wakijifanya hakijatokea kitu. Neno lile halikuwahi kutamkwa mbele yangu, ila nililisikia kila mlango ulipofungwa. Sasa mtoto kalitamka hadharani na darasa zima limecheka. Nikajua basi, hata watoto wanalo.

Binti alikuwa na maonyo mawili tayari, moja la kuchelewa na moja la kelele. Kosa la tatu ni kufukuzwa, na barua ya kufukuzwa yenye muhuri wa kamati hakuna shule inayoipokea. Nililijua hilo nilipokuwa naandika. Niliandika vilevile.

"Shikamoo, mwalimu," alinong'ona msichana wa pembeni yangu, niliyekuwa nagawana naye dawati.

"Marahaba."

Huyo wenzake walimwita Redio, na haikuchukua dakika mbili nikajua kwa nini. "Mwalimu, samahani, huo mguu wa kushoto ni mbovu. Usiegemee. Ukiegemea dawati linalia, na likilia sisi ndio tunaandikwa wapiga kelele."

"Hamkusema?"

"Tulisema, mwalimu. Tukaandikwa tena kwa kusema."

Nikamnyamazisha kwa jicho. Ndipo nilipoona maandishi juu ya mbao, yamechongwa kwa ncha ya bikari: BI NUSU. Chini yake vijistari, vitanovitano, mafungu kwa mafungu, na tarehe pembeni.

"Bi Nusu ni nani?"

Redio, ambaye mpaka hapo hakuwa amekosa la kusema, alifunika maandishi kwa kiganja. "Mwalimu, kuna mambo mtu akiulizwa..."

"Nimekuuliza."

"Ni wewe, mwalimu. Lakini siyo tusi! Ni kwa ajili ya maneno nusu. Tunayahesabu. Kabla hujaingia kila mtu anakisia, na aliyekisia karibu ndiye anayekaa dirishani kesho yake."

"Mmefika ngapi?"

"Rekodi ni tisini na moja," alisema, na nadhani kwa fahari. "Siku ile ya mito na maziwa."

Miaka yote hiyo nilidhani wananiita Mama Ramani. Niliona aibu, kisha aibu ikageuka ghadhabu kama kawaida yangu, nikafungua daftari na kuanza kunakili hisabati kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka.

Hisabati zilikuwa vipindi viwili mfululizo. Mwenzangu anayefundisha alikuwa akiandika kwa mkono wa kulia na kufuta kwa wa kushoto, na mimi nilikuwa nyuma yake mistari miwili tangu mwanzo mpaka mwisho. Katikati ya kipindi cha pili haja ikanibana. Nikavumilia. Ikazidi. Nikanyoosha mkono, mimi mtu mzima mwenye wajukuu, nikasema, "Mwalimu, naomba ruhusa niende nje."

Alifikiria kidogo, akatabasamu. "Mwanafunzi mwenye mpangilio huenda wakati wa mapumziko."

Darasa likabana kicheko, maana sentensi ile ilikuwa yangu, neno kwa neno. Naisema kila siku ya Mungu. Nikakaa. Mkuki kwa nguruwe mtamu, wahenga walisema, na dakika kumi na nane zilizobaki nilizihesabu moja moja, miguu nimeikunja, siwazi kipeo wala kipeuo, nawaza mlango tu.

Kufikia saa sita nilikuwa nimesimama na kuketi mara nyingi kiasi kwamba nyonga ziliniuma, nimesema "ndiyo mwalimu" kwa mambo ambayo sikuyaelewa, na nimeandikwa kwenye orodha ya wapiga kelele. Kiranja, kijana wa haki kupita kiasi, aliandika ubaoni: *Mwalimu, mara moja.* Dawati lilikuwa limelia. Nilifungua mdomo nimweleze, nikakumbuka alichosema Redio, nikaufunga. Niseme ukweli, nilikuwa nimechoka, na sikubeba chochote zaidi ya mkoba. Nililala vizuri usiku, nilikunywa chai nzito asubuhi. Sikuwa na kisingizio hata kimoja.

Baada ya chakula cha mchana akaingia mwalimu wa nidhamu kufundisha uraia. Huyu ni mwanamume wa sauti kubwa, na ndiye ambaye saa tisa angeisoma kesi yangu mbele ya kamati. Alipopita kwenye dawati langu aliinama. "Dada yangu, vumilia. Jioni tunaumaliza upuuzi huu."

Mada ilikuwa mali ya umma.

"Tumeshaisoma hii," Redio alininong'oneza bila kutikisa midomo. "Jumatano iliyopita. Nusu ya darasa walifeli zoezi, ndiyo maana anarudia."

"Anayebeba dawa za hospitali akaziuza ni mwi...?" alinguruma mwalimu wa nidhamu.

"...zi!"

"Anayechimbua mawe ya barabara akajengea kwake ni mwi...?"

"...zi!"

"Hata awe amevaa tai, ni mwi...?"

"...zi!"

Kila walipoitikia nilidhani kuna atakayegeuka kunitazama. Hakugeuka mtu. Walikuwa wanaitikia huku wengine wanachora pembeni mwa daftari, mwingine anasinzia macho wazi, midomo ikifanya kazi peke yake. Nikachukua penseli na kuanza kuhesabu, nipate la kufanya. Nilihesabu thelathini na nane. Kufikia ishirini neno lilikuwa limeisha maana. Lilibaki sauti tu, mfano wa kugonga sufuria. Wazo likanijia kuhusu Jumatano iliyopita, kuhusu kipindi hiki na kipindi kinachokifuata, ambacho ni changu. Nikalifukuza. Nilikuwa nimeshaapa.

Kengele ikalia, akaingia mwalimu wa mazoezi.

Huyu ni msichana wa chuo, alikuwa na wiki sita tangu aletwe kwangu ajifunze kazi. Wiki zote sita alikaa nyuma ya darasa langu akiandika kila ninachofanya, na siku hiyo ndiye aliyepewa kipindi changu. Alisimama mbele, mkono kiunoni. Akagonga ubao mara mbili kwa chaki. "Tuko pamoja?" akauliza, akivuta ile "pamoja" puani, na darasa likaitikia, "Tuko pamojaaa!"

Ilikuwa sauti yangu, na mkono kiunoni ni wangu. Nilikuwa sijawahi kujiona, na sikupenda nilichokiona: mtu anayeuliza bila kungoja jibu, anayetupa nusu ya neno kama anayetupia kuku punje, halafu anaendelea na safari kabla hawajaokota. Redio alikuwa ameshika bikari. Alinitazama kuomba ruhusa, nikatikisa kichwa kukubali, akaanza kuchonga vijistari. Katika dakika kumi vilifika ishirini na sita.

Kisha mwalimu wa mazoezi akachora mistari ya ramani. Aliichora mbali mbali kwanza, halafu akaisogeza, na nikasikia darasa linabadilika. Viti vilikoma kusogea. Redio aliweka bikari chini. Walijua ni swali gani linakuja, nami nililijua, kwa kuwa mpango wa kulirudia somo lile niliuandika mimi.

Nitaeleza hasa nilikuwa wapi kwa mawazo, maana hapo ndipo penyewe. Saa ya ukutani ilikuwa saa nane na dakika kumi na tano. Dakika arobaini na tano zilibaki kabla ya kamati, na kichwani nilikuwa napanga maneno ya kusema. Waheshimiwa wajumbe, nilikuwa nasema, msichana huyu, mbele ya wenzake wote, bila haya, aliniita mimi mwalimu wake...

"...mwi...?" ilisema sauti yangu kutoka ubaoni.

"...zi!" nikasema.

Nilisema kwa nguvu. Nilisema peke yangu, maana wengine wote arobaini na watano walikuwa wamefumba midomo. Tangu Jumatano ile hakuna aliyethubutu kuimalizia "mwi" katika kipindi cha jiografia. Neno lilitoka, likasimama katikati ya darasa, na hakuna wa kulifunika.

"Nani huyo?" alifoka mwalimu wa mazoezi, mgongo bado kwetu. "Simama! Rudia ulichosema!"

Kisha akageuka, akaniona ni mimi. Chaki ilimwanguka. Alikuwa hajakusudia, maskini. Yale maneno alijifunza kwangu kama alivyojifunza kushika kiuno, na yalimtoka yenyewe. Lakini yalikuwa yameshatoka, na mimi, kwa mazoea ya siku nzima, nilikuwa nimeshasimama. Dawati lililia.

Niliogopa. Nilisimama pale nikaanza kutafuta la kusema. Nikisema "mwizi" nimemtukana mwalimu mara ya pili, kwa makusudi. Nikisema "mwinuko" nimesema uongo, maana sicho nilichosema. Nikieleza nitaambiwa najibu kwa jeuri. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, mama yangu alizoea kuniambia, na mimi nilidhani ni onyo kwa watu wanaosengenya.

Sikurudia. Nilifumba mdomo, nikatazama kisigino cha kijana wa mbele yangu. Hakuna aliyecheka. Mwalimu wa mazoezi akawa anasema, "Mwalimu... basi... kaa, mwalimu," machozi yamemlengalenga, na mimi nimeganda tu. Sikusikia lolote lililofundishwa baada ya hapo.

"Pole, mwalimu," Redio alininong'oneza nilipokaa. "Ulimi hauna mfupa."

*

Ofisi ya mkuu ina meza ndefu na viti saba. Mkuu alikaa kichwani. Kulikuwa na mwalimu wa nidhamu na faili lake, mwakilishi wa wazazi, na mimi. Karibu na mlango alikaa fundi cherehani, futi yake ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Alitoka kazini mbio akasahau kuivua. Binti yake alisimama pembeni yake, sare imenyooshwa mpaka mikunjo inaweza kukukata.

"Shikamoo, mwalimu," aliniambia. Nilishindwa kuitikia vizuri.

Mwalimu wa nidhamu alisoma ripoti. Niliyasikia maneno yangu mwenyewe: *alinitukana hadharani, nilipomtaka aeleze alirudia tusi lake kwa makusudi, akinitazama machoni, kwa jeuri isiyo na kifani.* Nilipoyaandika nilijiona fundi wa lugha. Fundi cherehani alikuwa anaikunja futi yake na kuikunjua.

"Wazee wangu," alisema, "mimi sikusoma. Nawaomba tu. Kama ni fimbo, mpigeni. Kama ni kulima, nitakuja nilime naye. Lakini msimwandikie hiyo barua."

"Sheria ni sheria, mzee," alisema mwalimu wa nidhamu. "Kosa la tatu."

Mkuu alinigeukia. "Mlalamikaji ana la kuongeza?"

Nikasimama. Mwalimu wa nidhamu alinitikisia kichwa kunipa moyo.

"Ninalo," nilisema. "Lakini kwanza niwaulize wajumbe swali. Sisi sote tumekusanyika hapa leo kwa sababu ya ha...?"

"...ki!" waliitikia. Mkuu, mwakilishi wa wazazi, mwalimu wa nidhamu kwa sauti kubwa kuliko wote. Hata fundi cherehani mlangoni aliitikia. Binti peke yake alifumba mdomo.

"Hapana," nilisema. "Sikuwa nimemaliza. Nilitaka kusema hasira. Hasira zangu mimi."

Mwakilishi wa wazazi aliweka kiganja mdomoni, kama anayetaka kurudisha kitu ndani.

Nikawaeleza. Nikawaambia kwamba saa nane na robo, kwenye dawati lilelile, nimesema neno lilelile, na sikukusudia kumtukana mtu. Nikamwambia mwalimu wa nidhamu kwamba katika kipindi chake nimehesabu "mwizi" thelathini na nane, na kwamba Jumatano iliyopita aliwalisha watoto neno hilohilo, kisha nikaingia mimi na nusu yangu, nikashangaa likitoka. Nikasema kuhusu sanduku pia. Sikupanga kulisema. Nilisema kwamba nilipolisikia lile neno sikumsikia mtoto, niliwasikia wao, walimu wenzangu.

Mwalimu wa nidhamu alitazama meza. Kisha akainua uso, na siwezi kumlaumu, kwa sababu alichouliza kilikuwa cha haki. "Dada yangu, sawa. Mara ya kwanza ulimi uliteleza. Sote tumeteleza hapa sasa hivi. Lakini alirudia. Umeandika mwenyewe, kwa makusudi, akikutazama machoni. Mara ya pili nayo ni ulimi?"

Nilitafuta jibu kwa dhati, sikulipata, na nikaona mkuu ameshika kalamu anangoja. Nikaogopa kwamba nimefika hapa nimechelewa, kwamba niliandika vizuri mno na sasa maandishi yangu yana nguvu kuliko mimi.

"Binti," alisema mkuu, "hilo lijibu mwenyewe."

Binti alimtazama baba yake.

"Sema, mama," alisema fundi cherehani. "Sema tu."

"Nilijua ni mwinuko," alisema binti, taratibu. "Liliponitoka tu nilijua nimekosea. Niliposimama nilikuwa na mwinuko hapa mdomoni."

"Sasa mbona hukusema mwinuko?" aliuliza mwalimu wa nidhamu.

Akanitazama machoni, vilevile kama siku ile. Nilikuwa nimeandika jeuri. Sasa nilikuwa karibu zaidi, na niliona ni macho ya mtoto anayetazama mdomo wa mwalimu wake ajue anatakiwa afanye nini.

"Mwalimu hakuniambia nijibu," alisema. "Aliniambia nirudie nilichosema."

Niliamriwa jambo hilohilo mchana ule, mimi na miaka yangu hamsini na miwili, nikaona bora kunyamaza mpaka nihurumiwe. Yeye alitii.

Mkuu akaivuta ripoti yangu, akapiga mstari kutoka kona hadi kona. Fundi cherehani aliinama, akaweka uso kwenye viganja. Mimi nilikuwa bado nimesimama. Nilizunguka meza mpaka nikafika mbele ya yule mtoto, na sauti ikanikatikia njiani.

"Nisa..." nilisema.

Nikangoja, kwa mazoea. Chumba kizima kilikuwa kinanitazama na hakuna aliyefungua mdomo, yeye wala baba yake wala wenzangu. Nikalimalizia mwenyewe.